Sindano, Vidonge na L

Watu huniomba ushuhuda wa kifua kikuu sugu, nami huwapa: nilivyokohoa, nilivyopimwa, nilivyopona. Hisabati huwa naiacha nje, maana nikiigusa tu watu wanaanza kuangalia saa. Safari hii naiingiza. Bila hiyo ushuhuda wangu una tundu katikati, kipindi kirefu ninachokipita kwa maneno mawili, "nilikuwa nimelazwa", kana kwamba nilikuwa nimelala tu.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati sekondari, na nilikuwa nimeanza kusoma shahada ya uzamili. Mashine ya GeneXpert ilipokea makohozi yangu, na baada ya saa mbili hivi ikajibu kwamba vimelea vyangu haviogopi rifampisini. Enzi hizo jibu hilo lilikuwa na njia moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 ulitaka miezi isiyopungua 8 ya sindano na tiba nzima isiyopungua miezi 20. Sindano yangu ilikuwa kanamaisini, na pembeni yake gao la vidonge: levofloksasini, ethionamidi inayotapisha, pirazinamidi, na sikloserini. Nikahamishiwa hospitali ya mbali na nyumbani, wodi ya wanawake, madirisha wazi usiku na mchana ili hewa izunguke.

Kanamaisini iliua vimelea na iliua masikio. Inaanza na sauti za juu. Kwanza nilikosa mlio wa simu yangu mwenyewe, kisha ndege wa asubuhi, kisha herufi: "fika" na "shika" zikawa neno moja. Nesi alikuwa akisema jambo nami namtazama macho tu, kwa kuwa mdomo ulikuwa ndani ya barakoa na sikuweza kuusoma. Mahali pa sauti pakaingia mlio mwembamba usiokatika. Nilimweleza daktari, akapunguza dozi, lakini kilichokwisha kufa ndani ya sikio hakirudi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa kanamaisini haipendekezwi tena kwa ugonjwa huu, na bedakwilini, ambayo ni kidonge, ikapewa kipaumbele. Nilisoma habari hiyo mara kadhaa. Nilifurahi kwa ajili ya watakaokuja, na nilikasirika pia, na sioni haja ya kuficha hilo.

Ila kilichonitisha zaidi ni sikloserini. Dawa hiyo huingia kwenye ubongo. Ndiyo maana huandamana na vitamini B6 kulinda neva. Kuna walioona watu wasiokuwepo. Mimi niliota ndoto ndefu zenye mantiki kamili, nikaamka nikiwa na huzuni isiyo na sababu. Mtu anayepata ugali wake kwa kufikiri akiambiwa kidonge kinaweza kumvuruga fikra, hutafuta namna ya kujipima kila asubuhi. Wengine wodini walihesabu tasbihi au walikariri Zaburi. Mimi nilikuwa na fotokopi ya kitabu cha nadharia ya seti cha Kenneth Kunen, toleo la 1980, ambayo mhadhiri wangu aliituma kwa basi ndani ya bahasha ya kaki.

Seti hazikuwa ngeni kwangu. Marehemu baba alifundisha shule ya msingi zama za vitabu vya Entebbe, vile vilivyotokana na warsha zilizoanza Entebbe, Uganda, mwaka 1962, na seti zilikuwa zimejaa humo. Ugeni ulikuwa kwenye seti zote kwa mpigo.

Habari yenyewe ilianza kuharibika Juni 1902, Bertrand Russell alipomwandikia barua Gottlob Frege. Kusanya seti zote ambazo si memba wa zenyewe, uzifanye seti moja. Je, hiyo ni memba wa yenyewe? Ukisema ndiyo, siyo. Ukisema siyo, ndiyo. Frege alikuwa karibu kutoa juzuu la pili la kazi ya maisha yake. Mwaka 1908 Ernst Zermelo akaweka masharti mapya: huruhusiwi kuzua seti kwa kutaja sifa tu, unaruhusiwa kuchambua kutoka kwenye seti ambayo tayari unayo. Abraham Fraenkel na Thoralf Skolem wakakaza nati mwaka 1922, tukapata mfumo unaoitwa ZF, na ukiongeza aksiomu ya uchaguzi unaitwa ZFC. Amani hiyo ina bei. Seti zote kwa pamoja, ambazo wataalamu huziita V, haziwezi kuwa seti. Zingekuwa, tungechambua humo seti ya Russell na balaa lingerudi. Mkusanyiko mkubwa namna hiyo huitwa klasi halisi. Na ndani ya ZF klasi si kitu. Ukiandika "x yumo katika klasi fulani", umefupisha tu sentensi inayosema x ana sifa fulani. Aksiomu zote zinazungumzia seti. Hakuna hata moja inayolijua neno klasi.

Kitanda cha jirani alilala bibi mmoja mchuuzi wa dagaa kutoka kanda ya Ziwa. Kwa kuwa sikusikia, tulizungumza kwa kauntabuku langu. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini, na mpaka wakati huo aliandika kwa herufi kubwa tupu, akikandamiza biro hadi ukurasa wa nyuma unavimba. Siku moja alilivuta daftari akaandika: MWALIMU MBONA HUMALIZI. Nikamwandikia kisa cha Russell chote. Alikisoma kwa kidole, taratibu, akakirudia. Kisha: SASA HIYO V IPO AU HAIPO.

"Sharti lake lipo, Bibi," niliandika. "Seti yake haipo."

Akafikiri. KAMA DENI. LIMO DAFTARINI HALIMO MFUKONI.

Mfano wake una kasoro, kwa sababu deni linaweza kulipwa likaingia mfukoni na V haitaingia kamwe. Lakini ulitosha kunivusha kwenye ukurasa niliokuwa nimekwamia, na kuanzia hapo alikuwa akiniuliza kila jioni nimefikia wapi.

Nilikuwa nimefikia L. Kurt Gödel aliitangaza mwaka 1938. Anaanza na seti tupu. Kwenye kila hatua anachukua alichonacho na kuongeza yale tu yanayoweza kuelezwa kwa fomula inayotumia alichonacho. Hatoi nafasi kwa seti iliyojitokeza bila maelezo. Hatua hizo hazikomi: zinapita zote zenye hesabu ya kawaida, zinapita ukomo wa kwanza, zinaendelea kwenye odinali zote, yaani namba za mpangilio zinazovuka ukomo. Kila seti inayopatikana kwenye hatua yoyote imo katika L. Kwa kuwa odinali zote kwa pamoja ni klasi halisi, L nayo ni klasi halisi. Gödel akaonyesha kwamba ukiishi ndani ya L, aksiomu ya uchaguzi ni kweli, na dhana ya Georg Cantor, mwanzilishi wa nadharia ya seti, kuhusu ukubwa wa seti zisizo na kikomo ni kweli pia. Kwa hiyo kama ZF haijipingi, haitaanza kujipinga kwa sababu umeiongezea hayo mawili.

Hapo ndipo nilipogota. Vitabu vinasema L ni modeli ya ZFC, yaani ni ulimwengu ambamo aksiomu zote za ZFC ni kweli, na vinasema ZF yenyewe inathibitisha hivyo. Sawa. Nadharia yenye modeli haiwezi kujipinga. Basi ZF imejithibitishia kuwa haijipingi! Lakini Gödel huyuhuyu mwaka 1931 alikuwa ameonyesha kwamba nadharia ya aina hii, ikiwa kweli haijipingi, haiwezi kuthibitisha jambo hilo kuhusu nafsi yake. Mtu hawezi kuwa sahihi mara zote mbili, nilifikiri, na asubuhi nikafikiri tena nikaona bado. Nilianza kushuku kwamba ni sikloserini. Sijui kama nitaeleweka: nilikuwa na tatizo ambalo ama lilikuwa la kweli ama lilikuwa dalili ya ugonjwa wa akili, na hapakuwa na mtu wodini wa kuniambia ni lipi. Nikajiwekea utaratibu. Ninachokiandika usiku sikiamini mpaka nikisome baada ya vidonge vya asubuhi, kichefuchefu kikishapungua. Usiku mwingi ulizaa takataka. Kuna ukurasa mmoja ninao hadi leo wenye uthibitisho mzuri kabisa wa sentensi isiyo na maana.

Fumbo hili lilifunguka kwa kuacha kusema "modeli" na kuanza kuandika. Chukua aksiomu ya jozi: kwa kila x na kila y kuna seti yenye x na y. Kusema kwamba ni kweli ndani ya L, unapachika L kwenye kila "kwa kila" na kila "kuna": kwa kila x aliye katika L na kila y aliye katika L, kuna seti iliyo katika L yenye x na y. Hii ni sentensi ya kawaida ya ZF, na inathibitika kwa mistari michache. x ameonekana kwenye hatua fulani, y kwenye hatua nyingine. Nenda kwenye hatua ya mbele zaidi kati ya hizo mbili. Wote wapo hapo. Na seti ya "aliye sawa na x au sawa na y" inaelezeka kwa fomula, kwa hiyo inaingia kwenye hatua inayofuata. Imekwisha. Nilimwonyesha Bibi nikijua haelewi alama zangu, lakini aliona ni fupi, akaandika: HII UMEMALIZA.

Zikafuata nyingine. Ya muungano ni rahisi. Ya ukomo ni rahisi. Ya seti ya seti ndogo inahitaji uangalifu: L haiahidi kukupa seti ndogo zote za x, inakupa zile tu zilizo ndani yake yenyewe, na lazima utafute hatua moja iliyo mbele kiasi cha kuwa zote hizo zimekwisha kuonekana. Hapo unaitumia aksiomu ya ubadilishaji ya Fraenkel, na unaona kwa nini Zermelo wa 1908 peke yake asingefika. Aksiomu ya uchambuzi ndiyo ngumu, kwa sababu si moja. Ni moja kwa kila fomula, na fomula hazina mwisho. Kwa kila fomula unatafuta hatua ya L inayokubaliana na L nzima kuhusu fomula hiyo; hatua hiyo ipo siku zote, lakini fomula nyingine itataka hatua nyingine, na hakuna hatua moja unayoweza kuithibitisha kwamba inafaa fomula zote.

Nikaona. ZF haisemi popote "aksiomu zote za ZFC ni kweli katika L". Inathibitisha ya jozi ndani ya L, inathibitisha ya muungano ndani ya L, inathibitisha kila moja ukiitaja, na thiorema hizo hazina idadi. Ile sentensi moja ya kuzifunga zote haimo. Wala si kwamba wameisahau. Modeli ikiwa seti, unaweza kutengeneza jedwali linalosema fomula ipi ni kweli humo na ipi si kweli, na jedwali lenyewe ni seti, kwa hiyo nadharia inaweza kulizungumzia. Modeli ikiwa klasi halisi, jedwali lake halienei kwenye seti yoyote. Na ukitaka kulipata kwa njia ya fomula, Alfred Tarski alishaifunga njia miaka ya 1930: ukweli wa ulimwengu mzima wa seti hauandikiki kwa fomula ya lugha hiyohiyo. ZF kwa nguvu zake haiwezi kuwa na hakikisho kwamba L haiko sawa na ulimwengu huo mzima. Gödel wa 1931 na Gödel wa 1938 hawagombani.

Tena hasara hiyo haiharibu kazi. Tuseme mtu ameipata ZFC ikijipinga. Uthibitisho wake una mistari yenye mwisho, umetumia aksiomu zenye idadi, kumi au mia. Chukua hizo tu, pachika L kwenye kila mstari, na mgongano uleule utatokea ndani ya ZF tupu. Kosa halikuletwa na aksiomu ya uchaguzi, lilikuwepo. Kwa kazi hii hukuwahi kuzihitaji aksiomu zote kwa mkupuo.

Najua baadhi ya wasomaji wananingoja hapa niseme kuwa ndivyo nilivyopona pia, siku moja baada ya nyingine, kidonge baada ya kidonge. Padri mmoja alishanisemea hivyo mimbarani, kwa nia njema. Sikubaliani naye. Tiba ya kifua kikuu ina siku ya mwisho, na ikifika daktari anaandika kwa sentensi moja kwamba umepona. Aksiomu za ZF hazina cheti cha namna hiyo, na utamu wake wote uko hapo. Dawa ziliniponya. L ilinipa kazi ya kufanya nikiwa na akili ninayoishuku na masikio yanayokufa, kazi ambayo mtu kiziwi anaweza kuifanya bila upungufu wowote, na ambayo kosa lake linaonekana kwenye karatasi badala ya kuonekana kwenye uso wa mtu anayekuonea huruma.

Kuna jambo nililolisoma baadaye, na nashukuru sikulijua nikiwa wodini. Gödel mwenyewe alilazwa sanatoria ya Purkersdorf, karibu na Vienna, mwaka 1934. Mwaka uliofuata alikwenda Princeton, akamweleza John von Neumann kwamba ameonyesha aksiomu ya uchaguzi haileti mgongano, kisha msongo ukamrudisha nyumbani kabla ya muda. Mwaka 1936 ulimpotea kwa kuugua. Kiangazi cha 1937 akalipata lililobaki. Georg Cantor, aliyeanzisha mambo haya yote, mwaka 1899 alikuwa akimwandikia Richard Dedekind kuhusu mikusanyiko ambayo haiwezi kufikiriwa kuwa kitu kimoja. Alifariki Januari 1918 kwenye kliniki ya magonjwa ya akili mjini Halle. Gödel alifariki Januari 1978 huko Princeton kwa kukataa kula. Kuna waandishi wanaopenda kusema kuwa ukomo unawatia watu wazimu. Mimi nimeona watu wengi wodini wakichanganyikiwa ambao hawakuwahi kusikia habari za odinali, na najua dawa waliyokuwa wakimeza.

Bibi alitangulia kuruhusiwa. Makohozi yake yaliyooteshwa hayakuota kitu, miezi mfululizo, wakamwandikia kituo cha afya cha kwao amalizie vidonge. Asubuhi ya kuondoka alikuwa na haraka, basi halimsubiri mtu, ila alichukua daftari akaandika: WAKIKULIPA DENI NIAMBIE.

Nilipomaliza tiba nilirudi chuoni na mashine mbili za masikio zinazonisaidia chumba kikiwa kimya, na chumba cha semina hakijawahi kuwa kimya. Niliomba kwamba mwenye swali aliandike ubaoni. Mwanzoni watu waliona karaha. Baadaye wakaona faida, kwa sababu swali la kuandikwa halina maneno ya ziada. Nilizungumzia klasi halisi kama modeli. Kijana wa nyuma akaja mbele, akaandika swali lilelile lililonigotesha: kama L ni modeli, kwa nini ZF haijathibitisha kwamba haijipingi? Nikaandika aksiomu ya jozi, nikapachika L.

Alipoelewa alitaka zaidi. Kwa nini tusizipe klasi uraia, zikawa vitu, tukamaliza ubishi? Si wazo jipya. Von Neumann alifanya hivyo mwaka 1925, Paul Bernays akalisafisha, na Gödel alitumia mfumo wa jinsi hiyo kwenye kitabu chake cha 1940. Mfumo huo, NBG, unazitambua klasi lakini hauthibitishi jambo lolote jipya kuhusu seti ambalo ZFC haikuliweza. Klasi zimo, ila haziruhusiwi kutajwa kwa "kwa kila klasi" pale unapounda klasi mpya. Ukiondoa katazo hilo mambo yanabadilika. Mfumo wa Morse na Kelley, ambao John Kelley aliuweka kwenye kiambatisho cha kitabu chake cha topolojia cha mwaka 1955, unaruhusu, na humo lile jedwali la ukweli linapatikana, likiwa klasi, na sentensi moja ya kuzifunga aksiomu zote inaandikika na kuthibitika. Mfumo huo unathibitisha kwamba ZFC haijipingi. Kuhusu nafsi yake, bila shaka, hauwezi. Gödel wa 1931 amehamia ghorofa ya juu.

Mimi nauona ununuzi huo kuwa ghali. Unalipa imani kubwa zaidi ili uhakikishiwe kuhusu imani ndogo, na yule anayeishuku ZFC hana sababu ya kuuamini mfumo ulio juu yake. Napenda zaidi umaskini wa ZF, ambamo klasi ni sharti lililoandikwa na basi. Kijana hakukubali. Aliandika ubaoni kwamba mtu akitumia V kila siku na bado anakataa kwamba V ni kitu, huyo anajidanganya. Nikamwandikia jibu chini yake, naye akaandika chini ya langu, mpaka ubao ukajaa na mlinzi akaja kutudai ufunguo wa chumba.